Kukawia, Kukwama na Kuzungusha: Kitenzi "Stall" cha Kiingereza na Ushahidi wa Likasi

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyompa mfasiri wa Kiswahili taabu isiyolingana na ufupi wake, kimo kitenzi stall. Mwanafunzi akikutana nacho katika habari ya gari, huandika kuwa gari limezimika, na huwa hajakosea. Akikutana nacho katika habari ya serikali iliyotia saini mapatano kisha isiyatekeleze, huandika kuwa serikali "imechelewa", na hapo huwa amekosea sana, ingawa kamusi iliyo mezani kwake haikumwonya. Makala haya yanakichunguza kitenzi hicho kwa kukilinganisha na vitenzi vya Kiswahili vinavyodhaniwa kuwa visawe vyake. Mifano mikuu inatoka katika mji wa Likasi, mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo haukuteuliwa kwa kubahatisha. Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Wakazi wake huzungumza Kiswahili, Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi zao, na tangu mwaka 1961 kungoja kumekuwa sehemu kubwa ya historia yao.

Yafaa kuanza na Kiingereza chenyewe, kwa kuwa kosa la mfasiri huanzia huko. Umbo stall linabeba maneno mawili yaliyokutana njiani. La kwanza ni la kale, la jamii ya Kijerumani, nalo lina maana ya mahali pa kusimama: zizi la mnyama, kibanda cha muuza mboga sokoni, kiti cha mwimbaji kanisani. Kutokana nalo yametoka matumizi ya kusimama pasipo kutaka: farasi aliyenasa matopeni, injini iliyozimika, ndege iliyopoteza nguvu ya kuelea hewani. La pili lilipitia Kifaransa cha Wanormani, na maana yake ya asili ni ndege wa kutegea, yaani yule anayefungwa ili awavute wenzake wanaswe. Katika karne ya 16 wezi wa Uingereza walilitumia kwa mshirika wa mchomoa mifuko: mtu anayemsogelea tajiri, akamwuliza njia, akamsukuma kidogo, akamwomba radhi, ilhali mwenzake anafanya kazi ya vidole. Kutoka hapo kikapatikana kitenzi cha kumshughulisha mtu kwa hila ili muda upite. Kwa hiyo mtu anayesemwa kwa Kiingereza kuwa anafanya hivyo hakusimama hata kidogo. Ana shughuli nyingi, naye anakushughulisha na wewe.

Mzungumzaji wa kawaida wa Kiingereza hana haja ya kuitambua asili hiyo, lakini sarufi ya lugha yake inaihifadhi. Mazungumzo yanaposemwa kuwa yamefikia hali hiyo, mtenda hatajwi na wala hatafutwi. Mjumbe anaposemwa kuwa anafanya hivyo, mtenda yupo, nia ipo, na mtu wa kudhurika yupo. Umbo ni lile lile, lakini maana zimeachana. Kiswahili hakiwezi kuzibeba zote kwa neno moja, na hakuna sababu ya kukilaumu kwa hilo. Lugha yenye viambishi vingi vya kauli ina njia zake za kuzitenganisha. Lawama inazistahili kamusi zetu za lugha mbili. Tangu zile za mwaka 1939, zilizotayarishwa chini ya Frederick Johnson kwa ajili ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, mazoea yamekuwa kupanga visawe kwa mkato, kimoja baada ya kingine, kana kwamba kila kimoja chaweza kushika nafasi ya jirani yake. Mkato haumwambii msomaji ni nani anayetenda, wala kama anatenda kwa kusudi.

Tuangalie chelewa. Kitenzi hiki kinahusishwa na kucha, yaani kupambazuka. Aliyechelewa ni aliyekuchewa: jua limemtangulia, naye amejikuta nje ya wakati. Umbo lake ni la kauli ya kutendwa, na ingawa mzungumzaji wa leo hahisi tena kwamba anatumia kauli hiyo, athari yake haijafutika. Mtu akisema "nimechelewa", anajitaja kuwa amepatwa na jambo. Ndiyo maana neno hilo limekuwa la kuombea radhi, na mara nyingi hufuatwa na sababu: mvua, basi, mgonjwa nyumbani. Hila haimo ndani yake. Kawia nacho kinataja urefu wa muda tu, na tena kina heshima, kwani wahenga walisema "kawia ufike", wakimsifu anayekwenda polepole kuliko asiyefika kabisa. Sita na sitasita ni vya moyo: mtu hajaamua, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Suasua ni cha mwendo dhaifu. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachomshtaki mtu kuwa ameamua tayari, na kwamba alichoamua ni kutofanya, ila hataki kukisema.

Hapo ndipo kiini cha dhana hii kilipo. Anayekataa husema hapana, na mdai wake akajua pa kwenda. Anayechelewa hana budi kufika, hata ikiwa jioni. Anayezungumziwa na kitenzi cha Kiingereza husema ndiyo, na huenda akaisema mara nyingi kuliko mtu mwaminifu, kisha baada ya kila ndiyo akaweka sharti dogo jipya. Muda ni mali yake. Kila siku inayopita humwongezea kitu na kumpunguzia kitu mdai.

Historia ya Katanga inatoa mfano ambao ni vigumu kuupata uliokamilika zaidi. Tarehe 21 Desemba 1961, katika kambi ya Kitona karibu na bahari ya Atlantiki, Moïse Tshombe alikubali mbele ya Waziri Mkuu Cyrille Adoula azimio la vipengele vinane lililotambua umoja wa Kongo na kukomesha kujitenga kwa Katanga. Aliporejea Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo, alieleza kwamba hakuwa na mamlaka ya kulikamilisha peke yake. Lazima baraza la Katanga liliidhinishe. Baraza likakutana, na Februari 1962 likalikubali kama msingi wa majadiliano. Majadiliano yakafanyika Léopoldville kuanzia Machi hadi Juni, yakaisha bila mapatano. Agosti ukatolewa mpango wa U Thant, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Septemba Tshombe akaukubali. Desemba ikafika, na gendameri ya Katanga ilikuwa pale pale, na kodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa ikiingia katika hazina ya Katanga kama zamani. Mwaka mzima ulikuwa umepita kati ya ndiyo ya kwanza na hali ile.

Mfasiri atasemaje juu ya mwaka huo? "Tshombe alichelewa kutekeleza azimio" ni sentensi inayomsamehe. "Tshombe alisitasita" ni tafsiri ya saikolojia yake, nayo huenda ina ukweli kiasi, kwani alivutwa na pande nyingi. Lakini hati za wakati ule hazikumshtaki kwa kukosa uamuzi. "Tshombe alikataa" ni uongo wa wazi, maana hasa hakukataa. "Utekelezaji ulikwama" ni sahihi kisarufi, na ndiyo sentensi ambayo yeye mwenyewe angeipenda kuliko zote. Kisawe kinachosalia ni kauli ya kutendesha: aliuchelewesha utekelezaji, aliukwamisha, au, kwa nahau iliyo karibu zaidi, alivuta muda. Na kama anayetajwa ni yule aliyetendewa, basi alimzungusha Adoula na aliuzungusha Umoja wa Mataifa.

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi 1966 kwa jina la mhandisi Jean Jadot, umo ndani ya kisa hiki mara mbili, na mara zote mbili unasaidia kupima vitenzi. Septemba 1961 kikosi cha wanajeshi wa Ireland wapatao 150, chini ya Pat Quinlan, kilizingirwa hapo kuanzia tarehe 13. Wenzao waliotumwa kutoka Elisabethville kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Hao walikwama, kwa maana halisi ya neno. Tarehe 16 mapigano yalisitishwa, kesho yake Waireland wakiwa hawana maji wakajisalimisha. Kusitisha hapa ni kutendesha kwa sita, na hakuna anayesikia hila ndani yake. Ni neno la mkataba. Kisha ikaja operesheni iliyoanza tarehe 28 Desemba 1962. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliikuta mito na madaraja yaliyobomolewa, yakavuka Lufira, na tarehe 3 Januari 1963 yakaingia Jadotville, ilhali makao makuu ya New York yalikuwa yametaka yasimame kwanza. Mawasiliano hayakufika kwa wakati, na Ralph Bunche akatumwa kwenda kuuliza yaliyotokea. Ujumbe ulichelewa. Katika masimulizi yote ya miaka ile miwili, hapa pana mahali pamoja ambapo chelewa kinakaa kwa haki kabisa. Katikati ya Januari Tshombe akatangaza mwisho wa kujitenga.

Kiswahili cha Katanga kimechunguzwa na wataalamu wengi kuliko inavyodhaniwa katika vyuo vya Afrika Mashariki: Edgar Polomé, Walter Schicho, Johannes Fabian, Vincent de Rooij. Hata hivyo katika kamusi zinazotungwa Dar es Salaam au Nairobi ushahidi wake hauonekani, na mara nyingi lahaja hiyo hutajwa tu kama Kiswahili kilichopoteza upatanisho wake wa ngeli. Hilo ni hasara kwa leksikografia. Watu waliofanya kazi migodini kwa vizazi vitatu, wakiishi chini ya saa ya kampuni, king'ora cha zamu na siku ya mshahara, wamelazimika kuwa na msamiati makini wa wakati. Msemaji wa Likasi aliyesoma ana pia akiba ya Kifaransa, na Kifaransa kinatenganisha kile ambacho Kiingereza kimekiunganisha. Injini ina caler. Mtu ana tergiverser, neno linalotoka katika Kilatini cha kugeuza mgongo, na lina undugu wa picha na Kiswahili cha kumpa mtu kisogo. Lipo pia atermoyer, ambalo asili yake ni ya madeni: kuongeza muhula wa kulipa. Msemaji huyo anapochanganya lugha, hafanyi hivyo kwa uvivu kila mara. Wakati mwingine anachagua shtaka lililo sahihi zaidi.

Lakini kwa jambo hili hana haja ya kukopa. Kuzungusha, au kwa umbo la Kikongo kuzungulusha, kinatosha. Banatuzungulusha, atasema mtu wa Katanga kwa kiambishi chake cha ba-, na msikilizaji wa Mombasa au Tabora atamwelewa mara moja. Picha ya kitenzi ni ya mwendo usiofika: mtu anapelekwa dirisha la kwanza, la pili, la tatu, kisha anarudishwa la kwanza, amechoka miguu na hakuna aliyemwambia hapana. Kitenzi kinamtaka mtenda kwa lazima. Huwezi kuzungushwa na mvua. Tena kinamtaka mtendwa aliye binadamu, na hapa kinakipita cha Kiingereza, ambacho mara nyingi hubaki bila yambwa na kumficha anayeumia.

Magazeti ya Tanzania yameeneza nahau nyingine, kupiga danadana, iliyotoka kwenye kandanda. Mchezaji anaurusha mpira kwa mguu, kwa goti, kwa kichwa, haumwanguki, watazamaji wanashangilia, na goli liko mbali vile vile. Ni picha nzuri ya shughuli isiyo na mwelekeo, na haistahili dharau ya wale wanaodhani kwamba lugha ya uwanjani haifai katika maandishi rasmi. Upungufu wake ni kwamba ina mzaha. Kumzungumzia mjane anayefuatilia pensheni ya mumewe kwa neno la kandanda ni kumwongezea dhara. Nahau ya kununua muda, inayozidi kusikika, ni tafsiri ya sisisi kutoka Kiingereza; Kiswahili tayari kinavuta muda, wala hakina sababu ya kuununua.

Kitenzi ambacho hakijapewa nafasi yake ni tegea. Mzizi wake ni tega, kuweka mtego. Mtu anayetegea kazi yuko kazini, ameshika jembe kama wenzake, lakini ameinama akisubiri wengine waimalize. Waliotunga nahau hii hawakuwa na habari ya ndege wa kutegea wa Wanormani, na bado waliufikia mtego kwa njia yao. Kwa hiyo, kwa maana ya pili ya stall, hii ndiyo jamii ya maneno iliyo karibu zaidi kwa fikra, ingawa matumizi ya tegea leo yamebanwa ndani ya kazi za mikono na hayajapanuliwa hadi kwenye mikataba na malipo. Hakuna linalozuia yapanuliwe.

Uzito wa suala hili unaonekana pale ambapo uteuzi wa kitenzi unakuwa uteuzi wa upande. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi takribani tani 50,000. Mishahara ikaanza kukosekana, mwezi kwa mwezi, kisha mwaka kwa mwaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ulianzishwa mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wakaondoka kwa malipo ya mara moja. Wengi wao waliendelea kudai kwamba hesabu zao hazikukamilishwa, na madai hayo yakadumu kwa miaka.

Karani wa malipo, akiandika kwa Kiswahili, angesema: mishahara imechelewa. Mchumi angesema: imekwama, kwa kuwa hazina ilikuwa tupu. Mfanyakazi angesema: tunazungushwa. Watu watatu hawa hawatofautiani kwa mtindo. Wa kwanza anatumia kitenzi kinachoahidi kwamba jambo litafika, maana kinachochelewa kipo njiani. Wa pili anatumia kauli ya kutendeka, ambamo kuna kizuizi lakini hakuna mtu. Wa tatu anataja nia. Inawezekana wote wakawa na sehemu ya ukweli: kampuni isiyo na fedha imekwama kweli, ila ofisa anayejua kwamba hazina ni tupu na bado anasema "rudi Ijumaa" anazungusha, na kukwama kwa kampuni hakumwondolei neno hilo. Mfasiri wa ripoti ya Kiingereza inayosema kwamba malipo yapo katika hali ya stall hana haki ya kuchagua kati ya vitenzi hivi kwa kufungua kamusi tu. Lazima ajue kilichotokea.

Methali nazo zimeingizwa katika mchezo huo. Subira yavuta heri ni kauli ya mtu anayejifariji mwenyewe au anayemfariji jirani. Kinywani mwa mdaiwa inageuka kuwa chombo cha kuvuta muda, na ubora wake wa zamani ndio unaomfunga mdai mdomo. Wahenga walilijua hilo, ndiyo maana wakaiweka kando yake nyingine isemayo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Ajabu ni kwamba vitabu vya shule hufundisha ya kwanza kwa insha nzima na kuitaja ya pili kwa mstari mmoja.

Kuna kungoja ambako hakuna kitenzi chochote kati ya hivi kinachokufaa. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa majumbani mwao, wakakaa kwenye kituo cha reli cha Likasi na kandokando yake kwa wiki na miezi wakingojea treni za kuwapeleka katika mkoa ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona. Wako waliofia hapo. Kusema kwamba treni zilichelewa ni kusema kweli juu ya treni tu. Kusema kwamba watu walikwama ni kusema kweli juu ya watu, lakini kwa kauli ya kutendeka isiyomtaja aliyewatoa nyumbani. Hapa hata mwandishi wa Kiingereza hangetumia stall, na mwandishi wa Kiswahili naye ana wajibu wa kuanza sentensi yake mapema zaidi, kwenye kitenzi fukuza, kabla ya kufika kituoni.

Kwa wanaotayarisha matoleo mapya ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, kidahizo hiki kingeweza kugawanywa bila taabu kubwa. Maana za zizi na kibanda zikae peke yake kama nomino. Chini ya kitenzi, kusimama kwa chombo kupewe zimika na kwama, kwa kuonyesha wazi kwamba hakuna mtenda. Kisha, katika kidahizo cha pili chenye namba yake, kwa kuwa ni neno jingine, ziwekwe zungusha mtu, vuta muda, chelewesha kwa makusudi, na tegea kwa upande wa kazi, kila kimoja kikiwa na sentensi ya mfano. Kwa zungusha sentensi hiyo yaweza kuchukuliwa kutoka dirisha lolote la malipo la Likasi: Tangu Januari wanatuzungusha, kila tukija tunaambiwa karatasi zimeshatiwa saini.